Duka la Mikate la Njia ya Cherche-Midi

Mtu apitaye katika Njia ya Cherche-Midi, mjini Paris, kabla ya mapambazuko, hupata habari za duka la mikate kwa pua kabla ya kuliona kwa macho. Harufu ya moshi wa kuni, na ya mkate uivao, hupanda kutoka chini ya ardhi na kuenea njiani. Akifika penye nambari 8 aona dirisha, na nyuma ya dirisha mikate ya mviringo, mikubwa kama ungo mdogo, yenye rangi ya udongo uliochomwa, na juu ya kila mmoja imechorwa herufi moja: P. Herufi hiyo ni ya jina la Poilâne, na jina hilo limekuwa juu ya mlango ule tangu mwaka wa 1932.

Duka lenyewe si kubwa. Wanunuzi wachache wakiingia pamoja, walio nyuma hawana budi kungoja njiani. Ndani mna ngazi nyembamba iendayo chini, na huko chini ndiko liliko tanuri la matofali, na mwokaji akifanya kazi katika joto na vumbi la unga. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja vimeteremka ngazi ile: baba, kisha mwanawe, kisha binti wa mwanawe. Namna kazi ilivyopita kutoka mkono hata mkono, na namna ilivyokaribia kuponyoka katikati, ni habari inayostahili kusomwa na kila mtu mwenye shamba au duka atakalowaachia watoto.

MKATE MEZANI KWA MFARANSA

Ili kufahamu kwa nini watu wa mtaa walipenda duka hili, msomaji na aufikirie ugali ulivyo mezani kwake. Mboga zaweza kubadilika kila siku. Ugali haubadiliki, na siku usipokuwapo watu husema kwamba hawakula. Ndivyo ulivyo mkate kwa Mfaransa. Tarehe 5 Oktoba 1789, wanawake wa Paris walikusanyika sokoni kwa hasira ya kukosa mkate, wakatembea kwa miguu hata Versailles alikokaa mfalme wao, mwendo wa saa nyingi, na mvua ikiwanyeshea. Kesho yake walirudi pamoja na mfalme, na malkia, na mtoto wao, huku wakiimba njiani kwamba wanamleta mwokaji, na mke wa mwokaji, na mtoto wa mwokaji. Mfalme hakurudi tena Versailles.

Katika vita vikuu vya pili mkate uligawanywa kwa cheti. Ulikuwa mweusi, tena umechanganywa na vitu ambavyo watu hawakutaka kuviuliza, na cheti hizo hazikuondolewa kabisa hata mwaka wa 1949. Basi yafahamika kwamba vita vilipokwisha kila mtu alitaka mkate mweupe. Mweusi ulikuwa ukumbusho wa njaa. Wenye viwanda na waokaji wakawapa watu walichotaka: unga uliochujwa hata ukawa kama chokaa, hamira nyingi ya kuumua upesi, mashine za kukanda kwa kasi, na bageti, yaani mkate mwembamba mrefu ambao asubuhi ni mtamu na jioni ni mgumu kama kuni.

Pierre Poilâne hakuufuata mtindo huo.

MTU MKAIDI

Bwana Pierre alikuwa kijana kutoka Normandy, nchi ya mashamba na ng'ombe, alipofungua duka lake mwaka wa 1932. Tangu siku za kwanza aliamua kuoka mkate wa watu wa shamba: mkubwa, mzito, wa unga uliosagwa kwa mawe na ambao haukuondolewa pumba zote, mkate wa kukaa nyumbani siku nyingi. Wenzake katika mji walioka bageti kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa. Yeye hakuoka bageti, na hata baada yake nyumba hiyo haikuwa na desturi ya kuziuza. Kwa mwenye duka mchanga asiye na mali, hilo lilikuwa jambo la hatari, maana mnunuzi akikosa anachokitaka huvuka njia na kuingia duka la pili, na katika Paris duka la pili la mikate haliko mbali.

Walakini mtaa ulimkubali. Siku zile mtaa wa Saint-Germain-des-Prés, ulio karibu, ulikuwa na wachoraji wengi, wanafunzi, na waandishi, ambao wengi wao walikuwa na akili nyingi na fedha kidogo. Husimuliwa kwamba mchoraji akikosa fedha, Bwana Pierre alikubali kumpa mkate kwa badala ya picha, na picha zenyewe zilikuwa za mkate. Hivyo kile chumba kidogo kilicho nyuma ya duka kilijaa picha kuta zote: mkate juu ya meza, mkate kikapuni, mkate uliokatwa. Si kila moja iliyo nzuri. Hata hivyo deni lililolipwa kwa namna hiyo lilimpatia mwenye duka kitu ambacho fedha isingemnunulia, kwani mtu aliyekaa saa tatu akiuchora mkate wako hawezi tena kuusahau.

CHACHU YA JANA

Mkate huo una vitu vinne tu: unga, maji, chumvi ya bahari kutoka Guérande, na chachu. Hamira ya dukani hutoka kiwandani, nayo huumua donge kwa muda mfupi. Chachu ya waokaji wa zamani hutoka katika unga wenyewe. Unga na maji yakichanganywa na kuachwa mahali penye joto kwa siku kadhaa, vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo vimo katika nafaka na hewani huanza kula sukari iliyomo. Mchanganyiko hutoa mapovu, hupanda, na harufu yake huwa kali. Mama apikaye uji wa kuchacha ajua habari hii bila kufundishwa na mtu, maana naye huacha unga na maji hata vikachacha, na pengine hubakiza kidogo chunguni cha kuanzishia uji wa kesho.

Ndivyo wafanyavyo katika Njia ya Cherche-Midi. Kila donge linapokandwa, sehemu yake hutengwa, haiokwi, nayo hutiwa katika donge lifuatalo ili kuliumua. Donge hilo nalo hutoa sehemu yake. Kwa hiyo mkate wa leo una kitu cha mkate wa jana, na ule wa jana una cha juzi, kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Kazi hiyo haitaki usahaulifu. Mwokaji mmoja akioka donge lote bila kubakiza, mfuatano umekatika, na hana budi kuanza tena kwa unga na maji na siku nyingi za kungoja.

Donge likisha kandwa hupumzishwa, kisha hukatwa na kupimwa, nalo hutiwa katika vikapu vya mviringo vilivyotandikwa kitambaa, na hapo huachwa liumuke polepole. Hamira ingeifanya kazi hiyo kwa upesi zaidi; lakini ni huo muda mrefu unaoupa mkate ladha yake ya ukali kidogo, na ndio unaoufanya usiharibike mapema. Wakati huo huo tanuri linapata moto. Kuni huwaka, ndimi za moto hulamba dari ya matofali, na matofali hushika joto na kulirudisha kidogo kidogo kama jiwe lililokaa juani kutwa. Mwokaji wa tanuri la kuni hujifunza kusoma joto kwa ishara: hurusha unga kidogo ndani na kutazama unavyogeuka rangi. Ukiwa mweusi mara moja, angoje. Ukikawia kubadilika, aongeze kuni. Siku za baridi na siku za mvua, kuni kavu na kuni mbichi, zote zabadili hesabu, na hapana kitabu kimwambiacho mtu ni mbichi kiasi gani.

Ndipo hugeuza kikapu juu ya ubao wenye mpini mrefu, huchora ile P kwa wembe, na kuusukuma mkate ndani. Ukitoka huwa na uzito wa karibu kilo 2, yaani zaidi kidogo ya ratili 4. Mwokaji huugeuza na kuugonga chini kwa kidole; ukilia kama ngoma, umeiva. Wateja wa zamani hawapendi kuula siku ile ile. Husema siku ya pili au ya tatu ndiyo siku yake, na juma zima utaliwa.

MTOTO ASIYETAKA

Bwana Pierre alikuwa na mwana jina lake Lionel, aliyezaliwa mwaka wa 1945. Alipofikia umri wa miaka 14 alitolewa shuleni akateremshwa ngazi ile, awe mwanagenzi wa baba yake. Kijana hakupenda. Alikuwa na akili ya vitabu, na marafiki zake walikuwa juu katika mwanga wakisoma, naye yuko chini akipakia kuni. Baadaye, alipokuwa mtu mashuhuri, alisema waziwazi kwamba chumba kile kilikuwa kwake kama kifungo.

Wazazi wengi watasema kwamba baba alifanya vyema, kwa kuwa mwisho ulikuwa mwema. Hoja hiyo haina nguvu sana. Wapo watoto wengi waliolazimishwa hivyo ambao hawakuandikwa magazetini, wakaitumikia kazi ya baba zao kwa moyo mzito hata wakaiua. Kilichomwokoa Lionel ni kwamba aligundua mwenyewe, alipokuwa akikanda, kuwa mkate una mlango wa kutokea kwenda kila elimu: kilimo cha ngano, vijidudu vya chachu, dini, historia ya njaa na ya wafalme, lugha, hata uchoraji. Akaanza kukusanya vitabu juu ya mkate, akawa na maktaba kubwa. Alizipeleleza habari za mikate ya majimbo ya Ufaransa, ambayo mingine ilikuwa imekwisha kuachwa, akaitolea kitabu mwaka wa 1981. Mchoraji mashuhuri Salvador Dalí alimwagizia samani za chumba cha kulala zilizotengenezwa kwa mkate, naye akazitengeneza. Na katika kile chumba cha nyuma ya duka ilitundikwa taa ya dari ya mkate, ambayo mwenye njaa angeweza kuitafuna bila kuharibu balbu zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 duka likawa mikononi mwake. Ndugu yake Max naye alikuwa mwokaji, akafungua duka lake mwenyewe mahali pengine katika Paris. Ndiyo sababu mgeni huweza kuliona jina la Poilâne juu ya milango miwili isiyo ya nyumba moja. Mambo ya namna hii huwapata watu wa ukoo mmoja kila mahali palipo na urithi, na si lazima kuyachimba.

Sasa mtindo ulikuwa umeanza kugeuka. Watu waliokuwa wamechoka na bageti isiyo na ladha walirudi kuutafuta mkate wa shamba, na maduka na mahoteli wakauomba kila siku kuliko tanuri moja liwezavyo kuoka. Hapa ndipo biashara nyingi nzuri hufia. Mwenyewe hununua mashine kubwa, mkate hutoka maelfu kwa maelfu, jina hubaki lile lile, na baada ya miaka michache hapana aonaye tofauti kati ya mkate huo na ule wa jirani. Bwana Lionel alikaa akafikiri, kisha akajenga huko Bièvres, nje ya Paris, nyumba ya mviringo iliyofunguliwa mwaka wa 1983. Ndani yake hakuweka tanuri moja kubwa. Aliweka matanuri 24 ya kuni, yaliyofuata mfano wa lile la Cherche-Midi, yakiuzunguka ukumbi. Mashine iliruhusiwa kukanda, kwa kuwa, kwa maoni yake, katika kukanda mashine haipotezi kitu na mgongo wa mtu huokoka. Mengine yote yaliachiwa mikono, na kila mwokaji alikuwa na mikate yake ya kuangalia kutoka donge hata tanuri, hivyo mkate ukiharibika hapana wa kumsingizia.

Mwaka wa 2000 duka lingine lilifunguliwa London. Mikate ilikwisha kuwa inasafiri kwa ndege hata Marekani, jambo linaloonyesha faida ya mkate ambao siku ya tatu ndiyo siku yake.

USIKU WA TAREHE 31 OKTOBA

Bwana Lionel na mkewe Irena walikuwa na nyumba katika kisiwa kidogo karibu na pwani ya Brittany. Tarehe 31 Oktoba 2002 walikuwa wakienda huko kwa helikopta, naye mwenyewe ndiye aliyeiendesha. Ilianguka baharini karibu na Cancale. Wote wawili walikufa. Bwana Lionel alikuwa na umri wa miaka 57.

Waliacha mabinti wawili, na mkubwa, Apollonia, alikuwa na umri wa miaka 18. Huyu alizaliwa, kama yasemwavyo, katika mkate: alipokuwa mchanga kitanda chake kilikuwa kikapu cha mikate. Tangu utoto alicheza dukani, na alikuwa amekwisha kuanza kujifunza kazi ya tanuri. Lakini kujua kukanda ni jambo moja, na kuwatawala watu waliokuwa wakioka kabla hujazaliwa ni jingine. Kulikuwa na maduka, na kiwanda cha Bièvres, na wafanyakazi wengi waliotegemea mishahara, na wateja katika nchi nyingi. Kwa desturi ya biashara, mali ya namna hiyo yenye mrithi aliye mtoto huuzwa kwa kampuni kubwa, nayo kampuni hulinunua jina na kuyaacha yaliyobaki. Hapana ambaye angemlaumu.

Siku iliyofuata alikwenda akakaa mahali pa baba yake. Mkate uliokwa. Chachu ilitengwa kama siku zote.

Kulikuwa na shida nyingine. Binti huyo alikuwa amekusudia kwenda kusoma Marekani, katika chuo kikuu cha Harvard. Wengi wangefikiri kwamba sasa hana budi kuchagua: kitabu au tanuri, kama alivyolazimika baba yake alipokuwa na miaka 14. Yeye aliahirisha masomo mwaka mmoja ili ashike usukani wa kazi, kisha mwaka wa 2003 alivuka bahari, akasoma na kuendesha duka kwa pamoja. Asubuhi ya Paris ni usiku wa Marekani, kwa hiyo simu za kazi zilimpata saa ambazo wenzake wamelala; na wakati wa likizo alirudi. Husimuliwa kwamba kila juma alipelekewa mkate mmoja chumbani kwake, autazame na kuuonja, na ukiwa na kasoro awaambie walioko tanurini. Yawezekana hapana mkaguzi wa mkate aliyekaa mbali hivyo na tanuri lake. Mwaka wa 2007 alihitimu, akarejea.

Jambo linalofaa kutazamwa ni tofauti ya vizazi viwili. Lionel aliteremshwa ngazi kwa amri ya baba, akauchukia mkate kabla ya kuupenda. Apollonia aliachiwa kupenda kwanza. Saa ya msiba ilipofika hapakuwa na mtu aliyesalia wa kumlazimisha, naye hakuhitaji kulazimishwa.

MTAA UMEBADILIKA

Si kweli kwamba kila kitu kimebaki kama zamani. Saint-Germain-des-Prés umekuwa mtaa wa matajiri. Mchoraji wa kulipa kwa picha hawezi tena kupanga chumba huko, na mkate wenyewe si wa bei ndogo. Wako wasemao kwamba chakula cha mkulima kimekuwa anasa ya mwenye gari, na neno lao lina ukweli. Ila tangu zamani duka limekuwa na desturi ya kuukata mkate na kuuza nusu au robo, ili bibi kizee akaaye peke yake asilazimike kununua kilo mbili.

Serikali ya Ufaransa nayo iliona hatari. Waokaji wa mitaa walikuwa wakifunga maduka, na wengine walikuwa wakipasha moto madonge yaliyogandishwa kiwandani na kujiita waokaji. Sheria ya tarehe 25 Mei 1998 ilikataza mtu kuandika juu ya mlango wake kwamba ni duka la mwokaji ikiwa hakandi, haumbi na haoki mahali hapo mwenyewe. Na mwaka wa 2022 UNESCO iliiandika kazi ya kutengeneza bageti miongoni mwa urithi wa wanadamu. Bwana Pierre, ambaye hakuipenda bageti, huenda angecheka.

Penye meza ya kuuzia, karibu na mwenye kupokea fedha, huwekwa kikapu cha biskuti ndogo za siagi, na mnunuzi huruhusiwa kuchukua moja bila kulipa. Jina lake kwa Kifaransa maana yake ni adhabu. Nyanya mmoja wa ukoo huo alikuwa akiwaita wajukuu kwa sauti kali waje kupata adhabu yao. Wakija wakitetemeka na mikono mbele, aliifungua ngumi yake, na ndani yake mna biskuti. Watoto wa mtaa wanaotumwa mkate wakijua jambo hilo hawahitaji kutumwa mara mbili.